Kupandikiza kuna fungu, kuzuia hakuna

Mzee aliushika mkia wa samaki, akaupanua kwa vidole viwili kama mtu anayekunjua pepeo, akanisogezea karibu na uso. "Unaiona mistari hii iliyosimama wima? Huyu sato." Akatia mkono tena kwenye ndoo, akatoa mwingine mdogo aliyeenea kiganjani. Mkia wake haukuwa na mistari ile. "Na huyu ndiye mwenyeji wetu. Siku nikipata watano nashukuru Mungu."

Tulikuwa kwenye mwalo mmoja wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Mwanga. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na akina mama walikuwa wakiparua magamba juu ya kipande cha bati. Nikamuuliza mzee sato alifikaje huku. Akacheka. "Mwanangu, mgeni hapandi ukuta wa bwawa. Mgeni huletwa."

Mzee hakusema lolote kuhusu fedha. Lakini nilipokuwa nikirudi Moshi niliona kwamba kauli yake, ukiipeleka kwenye vitabu vya bajeti, inauma zaidi kuliko alivyokusudia. Mgeni huletwa, na mara nyingi aliyemlipia nauli ni serikali.

Tuanze na bwawa lenyewe. Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, pale Mto Kikuletwa unaoteremka kutoka Meru na Kilimanjaro unapokutana na Mto Ruvu unaotoka Ziwa Jipe. (Ruvu huu si ule wa Pwani unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, Tanzania ina uchoyo wa majina ya mito.) Yule mwenyeji wa kwenye ndoo ni perege wa Jipe, Oreochromis jipe kwa jina la kitaalamu. Kwao ni bonde la Pangani tu, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Bwawa hilohilo lina sato, na lina ngege aliyechukuliwa Ziwa Victoria, wote jamii ya perege.

Huyo ngege ana kisa chake. Kwao Victoria amekaribia kufutika, baada ya sato na sangara kumwagwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Ndiyo, sato naye alipelekwa Victoria. Wengi wetu tunaamini yuko pale tangu Adamu. Kwa hiyo samaki yule yule, Mwanza na Musoma ni mhanga, Mwanga ni mvamizi. Kilichombadilishia cheo ni safari aliyosafirishwa, tabia yake ni ileile.

Safari hizo hazikuwa za wizi wote. Idara za uvuvi za kikoloni zilipandikiza samaki kwa mpango, na serikali zetu huru zikaurithi mpango huo bila kuuhoji sana, kwa sababu ulionekana kuwa jambo jema tu: bwawa tupu, wananchi wenye njaa ya kitoweo, mwaga vifaranga. Mwaka 2019 watafiti wakiwemo wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, na wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza walichapisha matokeo ya kuzungukia mito, maziwa na mabwawa ya Tanzania wakihesabu perege wa kigeni. Waliwakuta wameenea katika mabonde mengi ya nchi, nao wakakiita walichokiona kuwa ni urithi wa miongo mingi ya kupandikiza kwa makusudi.

Ukisikiliza hotuba ya bajeti ya wizara yenye dhamana ya uvuvi, mwaka wowote unaoupenda, utasikia idadi ya vifaranga vilivyozalishwa, vituo vilivyokarabatiwa, malambo yaliyopandikizwa, vizimba vilivyokopeshwa kwa vijana. Ni takwimu za kujivunia, na sina ugomvi nazo. Ila nimekuwa nikitafuta katika hotuba hizo mstari unaosema: na hizi ni fedha za kuhakikisha samaki hawa hawavuki kwenda bwawa lisilo lao. Mstari huo sijaukuta.

Wakenya nao wasitucheke. Mwaka 2009, kwenye mpango wa kuchechemua uchumi, serikali yao iliamua kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila moja ya majimbo 140 ya uchaguzi yaliyochaguliwa. Piga hesabu: mabwawa 28,000, kwa sato na kambale hasa, mengine kandokando ya mito inayofurika kila masika. Fedha za umma zilichimba, zikanunua vifaranga, zikanunua chakula. Mvua ikija kubwa, bwawa likifurika, aliyekuwa wa shamba anakuwa wa mto. Na Kenya walishapata onyo kabla ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 samaki aina ya kapi alionekana Ziwa Naivasha bila mtu kumtia ziwani. Aliteremka na Mto Malewa kutoka kwenye mabwawa ya juu, na haikuchukua miaka mingi akawa ndiye sehemu kubwa ya samaki wanaovuliwa Naivasha.

Kuna mgeni mwingine ambaye hata fungu la kupandikiza hakulihitaji. Ni perege mdogo mwenye madoa meupe, anayetoka maziwa ya magharibi ya Uganda, Edward, George na Albert. Hana soko kubwa, hakui vizuri, si samaki wa kuagizwa na mkulima. Mara nyingi alisafiri kwa kujichanganya na mbegu za samaki waliotakiwa, kwa sababu perege wakiwa na urefu wa sentimita mbili hata mtaalamu anababaika kuwatofautisha. Naivasha aliingia hivyo mwaka 1956. Leo yuko sehemu nyingi za Tanzania. Kwa lugha ya dukani tungesema serikali na wakulima walinunua mchele, wakapewa na mawe ndani yake, na hakuna aliyelipwa kupepeta.

Msomaji anaweza kuuliza, na ana haki: perege ni perege, kwa nini tulie? Kuna jibu la wahifadhi, kwamba kila kiumbe kina thamani yake, nalo ni jibu zuri, ila halijawahi kumshawishi afisa mipango yeyote ninayemfahamu. Mimi nina jibu la fedha.

Perege wa kigeni na wa kwetu huzaana. Hawali chakula cha wenyeji na kuishia hapo. Wanaoana nao, na watoto wao machotara wanazaa pia. Machotara wa namna hiyo wamepatikana Ziwa Rutamba mkoani Lindi. Kizazi baada ya kizazi, damu ya mwenyeji inapungua kama chai inayoongezwa maji, mpaka siku moja una birika limejaa na chai hakuna. Sasa, ile damu ni mali. Sato wa kisasa anayesifiwa duniani kwa kukua haraka, yule wa mpango wa GIFT, alianza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988 kwa kuchanganya sato wa mashambani Asia na sato wa porini waliochukuliwa Misri, Ghana, Senegal na Kenya. Waliokuja Afrika kuchukua mbegu hawakuja kutalii. Na kabla ya hapo, kule Malacca, Malaysia ya leo, miaka ya mwisho ya 1950, iligunduliwa kwamba dume wa perege aliyetoka Zanzibar akipandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, watoto wote huwa madume, jambo ambalo mfugaji yeyote wa samaki analitamani kwa sababu madume hukua haraka na bwawa halijai vitoto. Perege huyo ni wa mito yetu ya pwani, jamaa wa karibu wa perege wa Rufiji. Sisi tuna ghala la mbegu lililo wazi, tunaliingiza magugu wenyewe, halafu tunakwenda kununua mbegu iliyoboreshwa kutoka kwa waliochota kwetu.

Basi zuio liwekwe wapi, na lilipiwe na nani?

Mtu akisikia kuzuia samaki wasihame bwawa hadi bwawa, anawaza chuma: nyavu za waya kwenye milango ya maji, umeme majini, kuta juu ya kuta. Hapo ndipo fedha zinapoogopwa kabla hata ya kuombwa. Lakini rudi kwa mzee wa mwaloni. Ukuta wa bwawa tayari ni zuio kwa anayetoka chini kwenda juu, na tumeshaulipia. Samaki wa Bwawa la Kidatu hawezi kupanda kwenda Mtera, bwawa la juu yake kwenye mto uleule, kwa mapezi yake. Anayetoka juu kwenda chini ni kweli anapita; vifaranga hupenya kwenye mashine za kufua umeme na wengine hutoka wazima, na mafuriko huwapitisha wakubwa kwa wadogo kwenye milango ya kumwagia maji. Ndiyo maana bwawa la juu kabisa katika mto ndilo la kulindwa kwa wivu kuliko yote. Akishaingia huko, mto mzima ni wake.

Na anaingiaje bwawa la juu? Kwa dumu. Dumu la lita ishirini lililotobolewa kifuniko, maji nusu, limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Perege wengi wa jamii hii hulea mdomoni: jike hukusanya mayai na watoto wake mdomoni, mamia kwa mara moja, na anaweza kusafiri nao hivyo. Maana yake hata vifaranga mia tano havihitajiki. Jike mmoja aliyevuliwa mzima jioni na kuachiwa lambo la jirani kesho yake asubuhi anatosha kuanzisha ukoo. Uzio wa chuma hauna la kufanya hapo. Anayeweza kufanya kitu ni mtu mwenye mshahara, pikipiki, na uwezo wa kutofautisha mikia miwili.

Kwa hiyo gharama ninayoizungumzia ni ndogo na inachosha. Kukagua vituo vya kuzalishia vifaranga, vya serikali na vya binafsi, ili kila bonde lipate mbegu ya bonde lake. Kuchota maji ya mabwawa mara mbili kwa mwaka na kuyapima vinasaba, maana siku hizi samaki unaweza kumjua kwa maji aliyoyapitia kabla hujamwona. Kuwafundisha BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, kusoma mkia. Hakuna utepe wa kukata, hakuna jiwe la msingi. Nadhani hilo ndilo tatizo lenyewe, kuliko hata ufinyu wa fedha: kifaranga kinachomwagwa kina picha ya mgeni rasmi ameshika beseni, na kifaranga kilichozuiwa hakipigwi picha.

Wamarekani wametufanyia jaribio hili kwa gharama zao, na matokeo yamekaa pande mbili. Upande mmoja kuna lamprei, samaki mwembamba kama mkunga, asiye na taya, anayejigandisha ubavuni mwa samaki mwenzake na kumnyonya damu. Aliingia maziwa ya juu ya Maziwa Makuu yao kwa njia ya mfereji wa meli wa Welland uliopanuliwa mwaka 1919, akaua uvuvi. Mwaka 1955 Marekani na Kanada waliunda kamisheni ya pamoja, wakaanza kutia dawa kwenye mito anakozalia, na lamprei wakapungua kwa takriban asilimia 90. Hawakuisha, na hapo ndipo pa kukazia macho. Kila mwaka, kwa zaidi ya miaka 60, fungu linatolewa, watu wanakwenda mtoni, dawa inatiwa. Mwaka 2020 na 2021, kwa sababu ya UVIKO, timu hazikuweza kwenda kama kawaida. Miaka michache iliyofuata lamprei wakaongezeka tena. Misimu miwili tu ya kulegea, baada ya zaidi ya miongo sita ya kazi.

Upande wa pili kuna kapi wa Kichina, walioingizwa Arkansas miaka ya 1970 ili wasafishe mabwawa ya samaki na ya maji taka. Idara za serikali zilikuwemo katika kuwajaribu. Wazo zuri, kama letu. Wakatoroka, wakapanda Mto Mississippi na Illinois, sasa wanabisha hodi kwa Ziwa Michigan. Lango la meli la Brandon Road, karibu na Joliet, linatengenezwa vizuizi vya umeme, sauti za chini ya maji na pazia la mapovu, kwa makisio ya zaidi ya dola bilioni 1. Asilimia 90 inabebwa na serikali kuu. Sehemu iliyobaki majimbo yanachangia, na kati yake jimbo la Michigan linatoa dola milioni 64, ingawa lango liko Illinois. Michigan walijiuliza nani ataumia samaki akipita, wakajijibu, wakalipa. Hata hivyo, mwanzoni mwa 2025 Illinois ilisita kuendelea na suala la ardhi ya mradi kwa kuhofia kwamba fedha za Washington hazitakuja kama ilivyoahidiwa. Matajiri nao hukatikiwa.

Ninachokichukua huko si mabilioni. Ni kwamba fungu dogo la kila mwaka limewalinda kuliko fungu kubwa la mara moja, na kwamba anayenufaika na ulinzi alipe hata kama geti haliko kwake.

Jambo hili la geti kutokuwa kwako linatugusa moja kwa moja, kule Ziwa Nyasa. Malawi kwa miaka mingi imewakatalia wafugaji wake sato ili kulinda chambo, perege wa ziwa hilo, na jamaa zake, na wafugaji wamenung'unika, kwa sababu samaki wa kwao hukua taratibu na faida ni ndogo. Wamelipa gharama ya kweli, inayotoka kwenye mifuko ya watu wadogo. Halafu mwaka 2013 watafiti wakaandika kwamba sato ameshaonekana katika bonde la ziwa hilohilo, upande wetu, Tanzania. Jirani amefunga mlango wa mbele kwa shida, sisi tumeacha wa uani wazi, na si kwa ubaya. Hakuna aliyekuwa ameajiriwa kuufunga. Ningekuwa Mmalawi ningekuwa na maneno makali kuliko haya.

Sasa fedha zitoke wapi? Najua msomaji ameshaanza kunusa harufu ya tozo mpya. Hapana. Samaki wa mabwawa yetu wameshakamuliwa vya kutosha: mvuvi analipa leseni, chombo kinalipa, halmashauri inachukua ushuru mwaloni. Na maji yenyewe yanalipiwa. TANESCO hulipa ada ya matumizi ya maji kwa bodi za mabonde kwa sababu inazungusha mashine kwa maji ya mto wa umma. Ninachodai ni kipande cha ada hiyo, kilichotajwa kwa jina, kibaki kwenye bonde lilikotoka, kifanye kazi ya kulinda samaki wa bonde hilo. Hoja yangu ni rahisi: bwawa la umeme ndilo lililogeuza mto kuwa ziwa, na ziwa ndilo linaloita vifaranga. Hakuna anayebeba dumu kwenda kumwaga sato kwenye maporomoko.

Kutenga fedha kwa jina tunakuweza tukitaka. Tazama risiti yako ya LUKU. Kuna asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zimeandikwa kila moja kwa mstari wake, na nguzo za umeme zimefika vijiji ambavyo zamani vilikuwa giza tupu. Fungu likiwa na mstari wake, huwa gumu kulila kimya kimya. Likitupwa kwenye kapu la "usimamizi wa rasilimali", linageuka semina.

Chukua Bwawa la Julius Nyerere. Lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, mashine zake tisa zina uwezo wa megawati 2,115, na mkataba wa ujenzi ulikuwa wa takriban shilingi trilioni 6.55. Sehemu moja ya elfu kumi ya fedha hizo ni shilingi milioni 655. Kwa hesabu yangu ya mtu wa kawaida, hizo ni gari moja, wataalamu wanne na mafuta ya miaka kadhaa, wakizunguka Rufiji, Kilombero na Ruaha Mkuu kukagua kila anayeuza vifaranga ndani ya bonde. Sehemu moja ya elfu kumi! Fundi anayekujengea nyumba anaipoteza hiyo kwenye misumari. Wenyeji wa mto huo, perege wa Rufiji, ni samaki ambao watafiti wetu wamekuwa wakiwachunguza kwa ufugaji kwa sababu wanastahimili maji ya chumvi, kitu ambacho sato hakiwezi vizuri. Pwani nzima yenye maji ya chumvichumvi ingeweza kuwafuga. Tukiwaacha wakachanganyika kabla hatujajua tunacho nini, sijui tutamweleza nani.

Na tusijidanganye kwamba kuchelewa ni bure. Vyura wa Kihansi wanakumbukwa na Watanzania wengi kwa utani, wale vyura waliopandishwa ndege kwenda Marekani. Lakini soma kisa kile kama mhasibu. Vyura wale waligunduliwa mwaka 1996 wakati mradi wa umeme umeshaanza, maji ya maporomoko yakageuzwiwa mitambo, manyunyu waliyokuwa wakiyategemea yakakauka. Ikabidi vyura karibu 500 wapelekwe kulelewa Marekani mwaka 2000, mabomba ya kunyunyizia maji yafungwe korongoni, mkopo na misaada itafutwe, na miaka 12 baadaye warudishwe kwa majaribio. Yote hayo kwa chura wa ukubwa wa ukucha. Kulipa kabla kungekuwa rahisi mara ngapi, sihitaji kukisia. Na chura angalau alikuwa na mabanda ya wanyama ya kigeni yaliyokubali kumlea. Perege wa Jipe nani atampandisha ndege?

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Sato analisha watu. Anakua mkubwa, anauzika, na yule mama wa kwenye bati hawezi kumwambia mteja asubiri mwenyeji akue. Nakubali, na ndiyo maana sitaki hata shilingi moja itumike kumwondoa sato Nyumba ya Mungu au Victoria. Huko ameshakuwa mwanakijiji, ana kura. Kuna wahifadhi watakaonichukia kwa hili, lakini fedha chache haziwezi kufufua na kulinda kwa pamoja. Ziende kwenye mabwawa, malambo na vijito vya juu ambako bado hajafika, na kwenye vituo vya vifaranga, ili mfugaji wa Kilombero apate mbegu nzuri ya perege wa Rufiji kwa bei ileile ya sato au chini yake. Hapa ruzuku ina maana. Ukimnyima mtu sato bila kumpa kitu mkononi, umempa sababu ya kununua dumu.

Sheria tunazo. Kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kwenye karatasi huwezi kuhamisha samaki hai kiholela. Karatasi haina pikipiki.

Siku ile tukitoka mwaloni, gari letu lilisimamishwa kwenye geti moja la ushuru. Kijana wa geti alikuwa makini kweli. Alifungua buti, akahesabu mafungu ya samaki wa kukaanga niliyomnunulia mama, akataka kujua kama ni ya biashara. Alimuuliza abiria wa nyuma kuhusu mkaa. Wakati huohuo bodaboda ikapita pembeni yetu, nyuma ina dumu la njano lililotobolewa kifuniko, maji yakimwagika kidogo kila tairi ilipogonga shimo. Nikamuuliza kijana, na yule je? Akageuka, akalitazama dumu likipotea kwenye vumbi la barabara ya kwenda milimani.

"Vile ni vifaranga, kaka," akasema, akinirudishia funguo. "Bado havijawa samaki."